Kiporo, sumukuvu na maziwa mgando: kwa nini moto peke yake hautoshi

Mwanzoni mwa Machi 2021 Kenya ilisimamisha uingizaji wa mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa maelezo kwamba yalikuwa na sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, kupita kiwango kinachoruhusiwa. Siku chache baadaye zuio lililegezwa kwa masharti, lakini mjadala haukuisha. Wapo walioliona suala zima kuwa ugomvi wa biashara uliovishwa koti la afya. Katikati ya mabishano hayo likajitokeza swali ambalo mpaka leo nalisikia sokoni na mezani: mahindi si yanasagwa, na unga wake si unasongwa ugali kwenye maji yanayotokota? Ni mdudu gani atakayepona humo?

Swali hilo ni la haki kabisa. Limesimama juu ya jambo la kweli, kwamba moto unaua, na ndilo tulilofundishwa tangu utotoni: chemsha maji, chemsha maziwa, pasha kiporo. Tusichoambiwa ni kwamba ndani ya chakula kuna vitu vitatu tofauti ambavyo vyote tunavitupia jina moja la "vijidudu", na kila kimoja moto unakikuta kwa namna yake. Kuna kijiumbe chenyewe, kilicho hai. Kuna mbegu yake ngumu, ambayo wataalamu huiita spora. Kisha kuna sumu ambayo kijiumbe huitengeneza na kuiacha ndani ya chakula. Cha kwanza hufa kirahisi. Cha pili huvumilia. Cha tatu hakifi, kwa sababu hakijawahi kuwa hai.

Ukivitenganisha vitatu hivi kichwani, mambo mengi yanayochanganya kuhusu chakula yanafunguka: kwa nini wali uliopashwa moto vizuri bado unaweza kukutapisha, kwa nini maziwa yaliyoganda kibuyuni hukaa salama kuliko maziwa mabichi, na kwa nini boksi la maziwa linakaa miezi kwenye rafu bila friji.

Vijiumbe ni nini

Vijiumbe ni viumbe hai vidogo mno, visivyoonekana kwa macho matupu. Miongoni mwa watu wa kwanza kabisa kuviona ni Antonie van Leeuwenhoek, muuza vitambaa wa mji wa Delft huko Uholanzi, ambaye katika miaka ya 1670 alitazama matone ya maji kwa lenzi alizozisaga mwenyewe, akakuta yamejaa viumbe wanaoogelea.

Jikoni tunakutana na makundi matatu hasa. Bakteria ndio wengi kuliko wote, na kila mmoja ana mwili wa seli moja tu. Kuvu ni kundi lenye ukungu unaoota juu ya mkate uliosahaulika, na pia hamira inayoumua maandazi. Virusi, kama vile vya homa ya ini aina ya A, haviwezi kuzaliana ndani ya chakula. Vinabebwa tu, mara nyingi kwa mikono ambayo haikunawa baada ya kutoka chooni.

Vingi mno katika viumbe hawa havina habari na sisi. Vinaishi kwenye udongo, majini, juu ya majani, kwenye ngozi zetu na tumboni mwetu, na hatujui hata kama vipo. Vinavyotuhusu ni vya aina tatu: vinavyotusaidia, vinavyoharibu chakula, na vinavyotuletea ugonjwa. Hapa nawaomba msomaji atulie kidogo, maana hizi mbili za mwisho watu wengi wanazichanganya. Vinavyoharibu chakula ndivyo vinavyoleta harufu, utelezi, povu na rangi ya ajabu. Vinavyoleta ugonjwa mara nyingi haviachi dalili yoyote. Nyama yenye bakteria aitwaye Salmonella wa kutosha kukulaza hospitali inaweza kunuka vizuri na kupendeza kwa macho. Kwa hiyo mtu anayefunua sufuria, akanusa, akasema "hiki bado kizima", amepima jambo moja tu, tena si lile la hatari.

Hesabu ya usiku mmoja

Bakteria haoi wala haolewi. Anagawanyika: mmoja wanakuwa wawili, wawili wanakuwa wanne. Katika mazingira yanayompendeza, bakteria kama E. coli hufanya hivyo kila baada ya dakika 20 hivi. Chukua mmoja tu aliyeangukia kwenye sufuria saa nne usiku. Kufikia saa kumi na moja alfajiri zimepita saa 7, amegawanyika mara 21, na kizazi chake kimezidi milioni 2. Hakuna chakula kilicholala nje kikabaki vilevile kilivyokuwa wakati wa kula, hata kama kilifunikwa vizuri.

Mazingira yanayowapendeza ni yapi? Maji ya kutosha, chakula chenye virutubisho, uchachu usio mkali, na joto la kati. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kisikae kati ya nyuzi 5 na 60 za sentigredi, na kilichopikwa kisiachwe nje zaidi ya saa 2. Jikoni mwa mtu wa Dar es Salaam au Mombasa, ambako hewa ni nyuzi 30 na zaidi miezi mingi ya mwaka, hali hiyo ni neema kwa bakteria.

Njia zote za kuhifadhi chakula ambazo binadamu amewahi kuzibuni zinashambulia mojawapo ya mahitaji hayo. Ukikausha au kutia chumvi, unawanyima maji. Ukigandisha, unawanyima joto. Ukichachusha au kutia siki, unawawekea asidi. Ukiziba chombo, unawanyima hewa, ingawa wapo wasiotaka hewa kabisa, na hao nitawafikia.

Kiporo cha wali

Mchele unatoka shambani, na udongo wa shambani una bakteria aitwaye Bacillus cereus. Anapobanwa na ukame au joto, bakteria huyu hujifungia ndani ya spora, na spora hiyo hustahimili maji yanayochemka. Kwa hiyo wali unaiva, bakteria wengine wote wanakufa, na spora zinabaki peke yake ndani ya chakula laini, chenye unyevu, kisicho na mshindani hata mmoja. Sufuria inaachwa juu ya jiko lililozimwa. Wali unapoa polepole, unafika kwenye joto la kati, spora zinaota, bakteria wanaanza kugawanyika, na baadhi yao wanatengeneza sumu ya kutapisha.

Asubuhi unapasha. Bakteria wanakufa. Sumu inabaki, kwani imepimwa maabara ikastahimili nyuzi 121 kwa saa moja na nusu, joto ambalo sufuria ya kawaida haiwezi kulifikia. Ndani ya saa chache mlaji anaanza kutapika, na lawama zinaangukia kitu alichokila baadaye.

Jambo hili lilidhihirika Uingereza mwanzoni mwa miaka ya 1970, watu walipougua mara kwa mara baada ya kula wali wa kukaanga kwenye mikahawa ya Kichina. Wapishi walikuwa wakichemsha mchele mwingi kwa pamoja, wanauacha nje usiku kucha, kisha wanaukaanga kidogokidogo kila mteja anapofika. Kikaangio kilikuwa cha moto kweli, lakini kilikuwa kimechelewa.

Bakteria mwingine wa namna hii ni Staphylococcus aureus, anayeishi puani na kwenye ngozi za watu wengi wazima wa afya, na zaidi kwenye vidonda vya vidole. Anaingia kwenye chakula wakati wa kuchambua kuku aliyeiva au kupakua kwa mkono. Naye sumu yake haiondoki kwa kuchemsha.

Ila nisiwatishe hadi mkaacha kupasha, kwa sababu wapo ambao kupasha ndiko kunakowamaliza. Clostridium perfringens ni mwenyeji wa masufuria makubwa ya shughuli: pilau la harusi, maharage ya msibani, mchuzi wa nyama wa watu mia mbili. Katika chungu kikubwa kinachopoa polepole anaweza kugawanyika kila baada ya dakika 10 hivi. Huyu sumu yake huitoa akiwa ameshaingia tumboni, kwa hiyo ukikipasha chakula mpaka kitokote, tena katikati na si pembeni tu, unamuua kabla hajakudhuru.

Kinachofaa kwa wote ni haraka ya kupoza. Wali au mchuzi utakaolazwa utandaze kwenye sinia au vyombo vipana vifupi ili upoe upesi, kisha uingie kwenye friji ndani ya saa 2. Sufuria zima la moto likiingizwa kwenye friji lilivyo, katikati yake hubaki vuguvugu kwa saa nyingi. Asiye na friji, na ndiye mwananchi wa kawaida, kinga yake kubwa ni kupika kinachoisha. Hotpoti husaidia maadamu chakula bado kina joto linalounguza. Likishageuka vuguvugu, hotpoti linafanya kazi ya kuwalea bakteria, na kadiri lilivyo bora ndivyo linavyowalea kwa muda mrefu.

Sasa turudi kwenye mahindi

Sumukuvu ni sumu inayotengenezwa na kuvu. Ile inayotusumbua zaidi Afrika Mashariki ni aflatoksini, na mtengenezaji wake mkuu ni kuvu aitwaye Aspergillus flavus. Ulimwengu uliijua baada ya mwaka 1960, pale batamzinga zaidi ya 100,000 walipokufa Uingereza kwa ugonjwa usioeleweka, na uchunguzi ukaishia kwenye mashudu ya karanga yaliyotoka Brazil.

Kwetu imeua watu. Mwaka 2004 huko Makueni, Kitui na wilaya za jirani nchini Kenya waliougua walihesabiwa 317, na 125 kati yao walifariki. Mwaka 2016 ikawa zamu ya Dodoma na Manyara, ambako takriban watu 20 walipoteza maisha. Hivyo ni vifo vya ghafla, vya watu waliokula mahindi yenye sumu nyingi mno. Madhara mapana zaidi ni ya kimyakimya: sumu kidogokidogo kwa miaka inachangia saratani ya ini, na hatari hiyo huwa kubwa zaidi kwa mwenye virusi vya homa ya ini aina ya B.

Na ugali je? Ugali unaiva kwenye nyuzi 100 hivi. Aflatoksini inahitaji joto la zaidi ya nyuzi 230 ndipo ianze kuvunjika sawasawa. Kuvu mwenyewe atakufa ndani ya sufuria, hilo sina ubishi nalo, lakini sumu yake inapakuliwa pamoja na mboga.

Yapo mambo mawili yanayosemwa sana na yote mawili yana hatari. La kwanza: mahindi yasiyo na ukungu ni salama. Sivyo. Kuvu huyu huanza kazi shambani, hasa mwaka wa ukame au wadudu wanapotoboa magunzi, na punje inaweza kubeba sumu bila kuonyesha kitu. La pili: yaliyooza wape kuku na ng'ombe. Ng'ombe aliyelishwa aflatoksini huitoa kwa sura nyingine ndani ya maziwa, kwa hiyo uliyoikataa mezani inarudi kupitia kikombe cha mtoto. Kuyapikia pombe nako hakuisafishi.

Kinachosaidia kinafanyika kabla ya jiko. Kuanika juu ya turubai na si juu ya udongo, ambako ndiko nyumbani kwa kuvu. Kukausha mpaka unyevu ushuke chini ya asilimia 13.5. Mkulima asiye na kipimo anaweza kutia punje na chumvi kavu kwenye chupa kavu ya kioo, akatikisa, akaacha kidogo; chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi bado mabichi kwa kuhifadhi. Kuchambua punje zilizovunjika, zilizopauka na zenye ukungu huondoa sehemu kubwa ya sumu, kwa kuwa haikusambaa sawa gunia zima. Hujikusanya katika punje chache. Kukoboa nako hupunguza, maana sumu nyingi iko kwenye ganda na kiini. Ndiyo sababu mla dona, ambaye kwa virutubisho ana haki kabisa, anapaswa kuwa mkali zaidi kuhusu mahindi yanayoingia mashineni.

Halafu kuna dawa moja ya shambani inayoitwa Aflasafe, ambayo kila nikiifikiria naona jinsi mgawanyo wetu wa "vijiumbe wazuri" na "vijiumbe wabaya" ulivyo mwepesi mno. Dawa hiyo yenyewe ni Aspergillus flavus. Watafiti waligundua kwamba wapo kuvu wa jina hilohilo ambao hawana uwezo wa kutengeneza sumu. Wanachukuliwa wa namna hiyo waliotoka katika udongo wa nchi husika, wanapakwa juu ya punje za mtama zilizouawa zisiote, na punje zinatupwa shambani wiki chache kabla mahindi hayajachanua. Ukipanda kunde zikatanda mapema, magugu hukosa nafasi na mwanga. Hapa kuvu asiye na sumu anatanda kwanza, na ndugu yake mwenye sumu akija anakuta pameshakaliwa. Kenya iliisajili mwaka 2015 na Tanzania mwaka 2018.

Kuwaachia nafasi wanaotufaa

Kutanda kwanza ndiko kunakofanyika pia ndani ya kibuyu cha maziwa, na bibi zetu walikuwa wanajua namna yake vizazi vingi kabla hajazaliwa mtu wa kuieleza maabara.

Maziwa yana sukari yake ya asili. Bakteria wa maziwa mgando huila sukari hiyo na kutoa asidi ya laktiki. Kadiri asidi inavyoongezeka ndivyo maziwa yanavyokaza na kuwa machachu, na ndivyo bakteria wengi wa kuharisha wanavyoshindwa kukaa humo. Wale wa kwanza wameila sehemu ya chakula, wamebadilisha mazingira, na wao wenyewe wanaivumilia asidi waliyoitoa. Mursik ya Wakalenjin, maziwa lala ya dukani, mgando wa Wamasai na wa Wasukuma, kote mkuu wa kazi ni asidi hiyohiyo.

Togwa nayo ni hivyo. Uji wa mahindi, mtama au ulezi unapikwa, unapoozwa kidogo, unatiwa kimea. Kimea kinalainisha wanga na kuutoa utamu, bakteria wa asidi wanaingia kazini, na kesho yake pana kinywaji chepesi ambacho hata mtoto anakimudu. Utafiti uliofanywa Tanzania kwa watoto wadogo, matokeo yake yakachapishwa mwaka 1999, ulionyesha kwamba waliokunywa uji uliochachushwa kwa asidi ya laktiki walikutwa na vimelea vichache vya kuharisha kwenye choo kuliko waliokunywa uji usiochachushwa. Kwa hiyo akina mama wa Songea na Njombe wanaowapa watoto togwa wanafanya jambo lenye msingi.

Pana onyo hapa, na nalisema kwa msisitizo kwa sababu kuna mtindo siku hizi wa kusifia kila cha asili. Asidi haiui kila kitu. Bakteria wa brusela, anayeleta homa ya muda mrefu na maumivu ya viungo ambayo mara nyingi hudhaniwa ni malaria, anaweza kubaki hai kwa muda ndani ya maziwa mgando yaliyotengenezwa kwa maziwa mabichi. Kifua kikuu cha ng'ombe nacho hupita kwenye maziwa ambayo hayakuchemshwa. Njia nzuri ni kuchemsha kwanza, kupoza, kisha kutia vijiko vichache vya mgando wa jana uwe mbegu. Ladha inabaki, bakteria wanaotufaa wanabaki, mleta homa anaondoka.

Mihogo inatuonyesha upande mwingine kabisa. Mihogo michungu ina sumu yake yenyewe, inayotoa sianidi. Ukiilowesha siku tatu, bakteria wanailainisha na kuvunja kuta za seli, kimeng'enya cha mhogo kinakutana na sumu, nayo inavunjika na kutoroka kwenye maji na hewani. Kwanga ya Kongo na unga wa muhogo wa kuvundika hutegemea kazi hiyo. Watu wanapobanwa na njaa, vita au haraka ya kuuza, siku tatu zinageuka usiku mmoja. Matokeo yake ni konzo, ugonjwa unaopoozesha miguu ghafla na moja kwa moja, hasa kwa watoto na wanawake ambao karibu kila mlo wao ni muhogo. Daktari Giovanni Trolli aliueleza mwaka 1938 kutoka eneo la Kwango, Kongo. Tanzania iliuona Tarime katika miaka ya 1980 na Mtwara mwanzoni mwa miaka ya 2000. Ni ulemavu wa kudumu unaotokana na kuwanyima bakteria siku mbili za kufanya kazi yao.

Chumvi, jua na mafuta

Pwani inajua chumvi kuliko kitu kingine. Papa na nguru hupasuliwa, hujazwa chumvi na kuanikwa wakawa ng'onda. Kwa karne nyingi majahazi ya kutoka Omani na pwani ya Uarabuni yalishusha samaki wa namna hiyo Zanzibar, Lamu na Mombasa. Chumvi huvuta maji kutoka kwenye nyama ya samaki na kutoka kwenye mwili wa bakteria mwenyewe, akabaki hoi. Sukari nyingi kwenye jamu hufanya vivyo hivyo, na asali pia, ndiyo maana haiozi. (Asali hata hivyo asipewe mtoto aliye chini ya mwaka mmoja. Inaweza kuwa na spora ambazo tumbo la mkubwa linazimudu na la mtoto mchanga haliwezi.)

Chumvi au jua haliwezi kumrudisha nyuma samaki aliyekwisha kuharibika. Jodari na vibua waliokaa juani kabla ya kutiwa chumvi au barafu huwa na bakteria wanaotengeneza histamini ndani ya nyama yao, na mlaji anatoka vipele, uso unakuwa mwekundu, kichwa kinagonga. Wengi hudhani ni mzio, wakaacha samaki maisha yao yote. Nayo histamini haiondoki kwa kupika.

Sasa wale wasiotaka hewa. Miaka hii wajasiriamali wengi, na nawapenda kwa juhudi zao, wanasaga pilipili na vitunguu saumu, wanatia kwenye chupa, wanafunika kwa mafuta na kuuza zikiwa rafuni bila friji. Vitunguu saumu vinatoka udongoni, na udongo una spora za Clostridium botulinum. Bakteria huyu hukua pasipo hewa, na mafuta yanaziba hewa vizuri sana. Sumu yake ni miongoni mwa sumu kali kuliko zote zinazojulikana. Inapooza misuli mpaka ya kupumulia. Kwake kanuni ya wali inageuka juu chini: sumu yake huharibika kwa kuchemshwa, ila spora zake zinahitaji nyuzi 121, yaani mvuke wa shinikizo. Na nani anachemsha pilipili ya chupa kabla ya kuila?

Kinachomzuia ni asidi. Chini ya pH 4.6 hawezi kukua (pH ni kipimo cha uchachu: namba ikishuka, uchachu umezidi). Achari ya maembe na ndimu ya Unguja na Mombasa ni salama kwa sababu tunda lenyewe lina asidi, likaongezwa chumvi na siki. Anayetengeneza pilipili ya mafuta atie siki au maji ya ndimu ya kutosha na apime kwa karatasi za pH, au aiuze ikiwa ndani ya friji na kwa siku chache tu.

Friji na boksi la maziwa

Friji haiui. Inawachelewesha bakteria, na wengine, kama Listeria, huendelea kukua humo taratibu. Umeme ukikatika, friji isiyofunguliwa hushika ubaridi kwa saa 4 hivi.

Kuhusu maziwa ya boksi, uvumi kwamba yametiwa dawa ndiyo yakae miezi hauna msingi. Maziwa ya kawaida ya pakiti hupashwa nyuzi 72 kwa sekunde 15: vimelea vya magonjwa vinakufa, spora na baadhi ya wengine wanabaki, kwa hiyo lazima yakae kwenye baridi. Yale ya muda mrefu hupashwa zaidi ya nyuzi 135 kwa sekunde chache, spora zikafa nazo, kisha yanajazwa ndani ya boksi lililosafishwa bila kugusana na hewa ya nje. Hakuna aliyebaki hai wa kuyaharibu. Ukishalifungua, hewa na vijiumbe vinaingia, na kuanzia hapo ni maziwa kama mengine; yawekwe kwenye friji na yanywewe ndani ya siku chache.

Wazo lenyewe la kupasha na kuziba lina zaidi ya miaka 200. Mfaransa Nicolas Appert, mtengeneza vitu vitamu, aliziba vyakula kwenye chupa na kuzichemsha, na mwaka 1810 serikali ya nchi yake ikamtuza faranga 12,000. Hakujua kwa nini njia yake inafanya kazi. Ilibidi kumngoja Louis Pasteur nusu karne baadaye aonyeshe kwamba kinachoharibu chakula ni vijiumbe vinavyoingia kutoka nje.

Hilo halimaanishi kwamba hofu ya kemikali ni ya bure. Julai 2019 taarifa ya uchunguzi ya televisheni nchini Kenya ilionyesha nyama ikitiwa sodiamu metabisalfaiti ili ibaki nyekundu. Kemikali hiyo ni kihifadhi halali, na kwa vipimo maalumu hutumika kwenye matunda makavu na mvinyo. Kwenye nyama mbichi nchi nyingi zimeikataza, na sababu yake inafaa kueleweka: inarudisha wekundu wa nyama iliyozeeka, hivyo mnunuzi anapoteza dalili pekee aliyokuwa nayo machoni, inaharibu vitamini B1, na kwa mwenye pumu inaweza kumletea shambulio. Mwenye pumu asome maandishi madogo kwenye pakiti za matunda makavu na juisi pia. Ikiandikwa salfaiti, au namba kati ya E220 na E228, ni jamii hiyohiyo.